Manyoya Yasiyoingia Majini

Harufu ya nta ya nyuki inayopashwa moto ndiyo inayonirudisha Ndagoni ya utotoni kwangu, kabla hata ya harufu ya bahari. Mama yangu alikuwa na donge la nta, jeusi kwa kushikwashikwa, akiliweka kwenye kifuu cha nazi karibu na jiko. Alilipitishia uzi wa pamba ulionunuliwa Chole mpaka uzi ukawa unanata vidoleni, na kwa uzi huo akamfungia baba manyoya. Nieleze kidogo, maana msomaji wa bara huenda asijue. Kuna uvuvi wa kutia chambo na kungoja, na kuna kurambaza: ngalawa inakwenda na tanga lake, mshipi unaburutwa nyuma, na kwenye ndoana hakuna dagaa wala ngisi, ila kifungu cha manyoya meupe ya jogoo kinachochezacheza majini kama kisamaki kinachokimbia. Nguru akikiona hana subira. Nyumbani tulikiita manyoya tu, na kwetu kuyafunga ilikuwa kazi ya mke. Mume atachonga kasia, atashona tanga, atavua, manyoya anafungiwa. Mwanamume aliyeonekana akijifungia mwenyewe alichekwa pwani nzima: "Ala! Mkeo kakukimbia?"

Mama alifariki kwa homa, nami sijamaliza kung'oka meno ya utoto. Watu walilia, mimi nikatazama miguu yao. Nilikuwa mtoto wa kuchekacheka, wa kuzungumza na kuku na kuota ndoto mchana, lakini siku zile ndani yangu palikuwa kama mguu uliolaliwa: unaugusa, unajua ni wako, hausikii kitu. Baba naye alikuwa vivyo hivyo. Tulisoma khitma ya arobaini, watu wakatawanyika, yeye akabaki barazani akitazama mchanga. Nikimwamkia "Shikamoo baba", aliitikia "Marahaba", na neno hilo likawa mazungumzo yetu ya kutwa. Wazee husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sisi hatukugaagaa, basi tulikula muhogo mkavu, na kwa kweli sikuona tofauti. Kila kitu kilikuwa na ladha ya maji.

Aliyekuja kukaa nasi ni shangazi yangu Pili, dada yake baba, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kupika. Siku moja alikuja mtu wa Jibondo, akaizunguka ngalawa yetu, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua dafu. Alipoondoka, shangazi akaniambia huku akimenya muhogo, "Baba yako anauza chombo. Anataka kwenda bara, kwenye mashamba ya Wazungu Wadachi. Yule bwana atarudi kukichukua. Wewe utakaa kwangu."

Nikasema, "Haya." Lakini akili yangu ya kuota ikanipa jibu la kitoto: baba haendi baharini kwa sababu hana wa kumfungia manyoya. Akipata manyoya, atakwenda. Akienda, hatauza.

Nikamwomba shangazi anifundishe. Akacheka. "Mume wangu mimi alikuwa wa minazi, nikamfungie manyoya akavue madafu? Aliyekuwa akijua ni mama yako. Na asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu."

Lakini la mama lilikuwepo. Lilining'inia kwenye nguzo pamoja na mshipi wa baba: kifungu kimoja, cha mwisho alichofunga, kimeliwaliwa na meno ya nguru. Hakuna aliyekigusa tangu msiba. Nikakiangua, nikakaa nacho kizingitini. Shangazi aliponiona nakitafutia ncha ya uzi, aliacha kisu. "Mwanaidi, ukikifungua hicho, hakuna wa kukufungia tena."

Nikakifungua. Nilizungusha uzi kinyumenyume, mzunguko baada ya mzunguko, nikiyalaza manyoya juu ya jamvi kwa mpango yalivyotoka. Chini kabisa, palipoanzia kazi, palikuwa na kitambaa chekundu chembamba kilichozungushwa kwenye chuma cha ndoana. Nilikijua. Ni pindo la kisutu chake, kile alichonibebea mgongoni. Nikakiweka kando na manyoya, nikaendelea kutazama.

Kuanzia hapo nilianza kujifunza. Mama alikuwa na jogoo mweupe tuliyemwita Bwana Shauri, kwa jinsi alivyotembea uani kifua mbele kama anayekwenda kuamua kesi. Nilimkimbiza mpaka nikamkamata, nikamnyonyoa ya shingoni na ya kiunoni, naye akapiga kelele za mtu aliyedhulumiwa. Kifungu changu cha kwanza nilikiburuta ndani ya karai la maji, manyoya yakafunuka yote kuelekea mbele.

"Huo ni mwavuli," alisema shangazi. "Nguru ataogopa mvua."

Kumbe ncha zilitakiwa kulala nyuma, kuelekea kwenye mkunjo wa ndoana. Nikafungua, nikafunga. Uzi ukanikata vidole, sikusikia. Nikaanza upya na kitambaa chekundu, kisha manyoya, kisha uzi wenye nta umekazwa kwa meno, mpaka kifungu kikapita ndani ya karai kimebana, chembamba, kikitikisa mkia. Bwana Shauri alibaki na shingo tupu, akawa anapita mbali na mimi.

Basi hapo nikafanya kosa. Katika nyumba yetu hakuna kitu cha baba kilichotoka mikononi mwa mama bila kufukizwa udi. Kanzu, kofia, shuka, vyote vilipita juu ya chetezo. Mimi kwa akili yangu, kitu cha baba kikishatengenezwa, hufukizwa. Nikatia makaa, nikatia udi, nikayashika manyoya juu ya moshi mpaka yakaiva harufu.

"Yallah!" shangazi akapiga makofi. "Unampeleka nguru harusini?" Kisha harufu ikamfikia vizuri, akaenda uani.

Baba aliporudi kutoka sala ya alasiri nilimpa mkononi. Aliyageuza. Akayaleta puani. Akakaa chini palepale mlangoni, na ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mbao inayopasuka polepole. Kisha akajifuta uso kwa kilemba.

"Haya hayaingii majini," akasema. Nikadhani nimeharibu. "Nguru gani anakula udi? Funga mengine, mwanangu. Usifukize."

Nikafunga mengine usiku uleule, bila udi. Asubuhi yule mtu wa Jibondo alipokuja, pwani palikuwa na alama ya ngalawa tu mchangani. "Chombo kiko wapi?" akauliza. Shangazi akamjibu, "Kimekwenda kutafuta kitoweo. Kaa, utakula." Akakaa mpaka baba aliporudi, akala nguru kwetu, akarudi kwao bila chombo. Mimi sikulia hata hapo. Lakini samaki yule alikuwa na chumvi, niliisikia ulimini.

Sasa mimi ni mtu mzima, na siku hizi ndoana nzuri zinakuja dukani. Mabinti wa jirani huja kujifunza. Nampa kila mmoja kifungu kikuukuu, namwambia afungue kwanza. Kile cha udi sikigusi. Kipo kwenye nguzo ileile, kimekuwa cha kahawia, na ukikinusa unapata moshi wa jiko tu. Bado zipo siku ambazo ndani yangu hapasikii kitu, lakini vidole vinafanya kazi vyenyewe. Na yule baba aliyekuwa na neno moja kwa siku, leo kila akibeba tanga husimama mlangoni.

"Mwanaidi, umenifungia?"

"Nimekufungia, baba."

"Hukufukiza?"

"Sikufukiza."

Hapo huinua mkono, akakigusa kile cha nguzoni, akatoka.