Mkeka wa Mdogo Wangu

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilishuka ziwani kutoka Mbinga kwenda kufunga mkeka. Usicheke. Mama aliniagiza akiwa kitandani kwangu, siku chache kabla hatujamzika: "Kaufunge sasa, mwanangu. Nimechoka kumngoja."

Kwetu kila mtoto alikuwa na mkeka wake wa matete. Bibi aliyapanga matete moja baada ya jingine na kuyaunganisha kwa kamba za magome, na sisi watoto ndio tuliozisokota kamba hizo mapajani mpaka yakawasha, huku usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, wakikauka uani na kututia njaa kwa harufu yao. Mdogo wangu alikuwa wa mashoto. Kamba zake zilipindia upande wa pili, na bibi alizitambua kwa kupapasa tu, akamtania kwamba zinataka kurudi zilikotoka.

Kamba za mwisho wa mkeka hazikufungwa. Ziliachwa zikining'inia ili mtoto akirefuka aongezewe matete, na fundo lilipigwa akimaliza kukua. Kila baada ya mavuno bibi alitulaza chali atupime, akitutekenya nyayo. Kisigino kikigusa chini, alikunja uso. "Udongo ukimzoea mtoto, unamtaka," alizoea kusema, na sisi tukazidi kucheka.

Mwaka mmoja mdogo wangu alirefuka ghafla, visigino vikatoka nje ya mkeka. Mama alikuwa ameshikwa na kazi ya kuanika mihogo, akamwambia asubiri waende pamoja kukata matete. Hakusubiri. Tulikuta ufukweni mzigo mdogo wa matete, umefungwa vizuri, na ziwa limetulia. Wengine walisema mamba, wengine walisema maji. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka.

Baba alitaka padri aje, mkeka ufungwe, tulie yaishe. Mama aliyachukua matete aliyoyakata mwanawe, akayaongeza kwenye mkeka wake, akaziacha kamba zikining'inia.

"Nikiufunga, akirudi atalala wapi?"

Mkeka ukaviringishwa na kuwekwa darini.

Mavuno yaliyofuata, bibi alipoishusha mikeka, ule wa mdogo wangu ulikuwa umeongezwa matete mengine, bado mabichi. Alimtazama mama, na mama akamtazama yeye. Kila mmoja alidhani ni mwenzake. Kisha bibi akazipapasa kamba mpya, akaondoa mkono haraka. Tangu siku ile hakututekenya tena.

Mkeka uliendelea kurefuka mwaka hadi mwaka, kama wa mtoto anayekula na kushiba. Wangu ulipofungwa, wake ulikuwa umeshaupita. Bibi alipofariki niliamua kwamba anayeuongeza ni mama, kwa majonzi yake. Nilitaka sana awe mama. Nikaolewa Mbinga, nikayaacha hayo ziwani.

Lakini mama alihamia kwangu tangu mvua za mwaka juzi, mgonjwa, hawezi hata kuinua kikombe. Baba alikuwa ameshatangulia, hivyo nyumba ilibaki imefungwa. Jirani, mama mtu mzima aliyetunza ufunguo, aliitikia shikamoo yangu na kuniambia nisishangae vumbi. "Hata kuku hajaingia humo, mwanangu."

Niliushusha mkeka, nikaukunjua sakafuni. Ulikuwa wa kumtosha mwanamume mzima. Nikatafuta kamba za mwisho nipige fundo, nimtimizie mama agizo lake, nikakuta zimeshafungwa. Fundo lilikuwa limekazwa vizuri, la mtu aliyemaliza kukua.

Katikati yake palikuwa na mkeka mwingine, mdogo, umeviringishwa humohumo. Ulikuwa wa mtoto anayeanza kutembea. Matete yake yalikuwa ya kijani na yana tope la ufukweni, na kamba za mwisho zilikuwa zinaning'inia. Nilizishika. Zilikuwa na unyevu, na zilipindia upande wa pili.

Niliogopa, sikufichi. Lakini nililia pia kwa kumwonea mama uchungu, kwamba hakuiona siku hiyo. Niliuviringisha ule mdogo ndani ya ule mkubwa, nikaurudisha darini, nikamkabidhi jirani ufunguo.

Wanangu wanalala kwenye godoro la sponji, na hakuna anayewapima. Mikeka ile siku hizi huioni popote mwambaoni, na kwa miaka yote nimekuwa nikisema kwamba ufundi wake ulizikwa na bibi. Sisemi hivyo tena. Yupo anayeujua, na ana mtoto.