Saloni ya Chai Haikulala

Sauti yangu ni kubwa. Si ile kubwa ya kuimbia kanisani, maana kwaya walinifukuza baada ya Jumapili mbili. Ni kubwa ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto Lualaba naye akageuka. Nimeadhibiwa kwa ajili yake tangu mwaka wa kwanza wa sekondari, na sasa niko wa tano. Kwa hiyo siku prefe, mkuu wa shule yetu, aliponiita ofisini, niliingia nikiwa na uongo wa aina tatu. Sikujua nimeitiwa kosa gani, nikaona nijiandae kwa yote.

Safari hii hapakuwa na kosa. Palikuwa na karatasi.

"Wewe ndiye utasoma historia ya magazini siku ya ufunguzi," akasema. "Mbele ya wakubwa wote. Bosi mpya wa pale ameomba mwanafunzi mwenye sauti. Na usiongeze kitu. Nakujua."

Ananijua, siwezi kubisha.

Magazini yenyewe, yaani duka kubwa, ni lile jengo la ghorofa lililo karibu na mto, lililojengwa na Wagriki zamani, kabla mama yangu hajazaliwa. Chini waliuza vitambaa, kofia, viatu vya ngozi, sahani, manukato. Juu palikuwa na saloni ya chai: madirisha sita yanayotazama maji, meza za mbao nyeusi, vikombe vyenye mstari wa dhahabu mdomoni. Kaa na mtu yeyote wa mji wetu wa Kindu aliyevuka miaka hamsini, dakika kumi haziishi hajakueleza habari za ngazi zake. "Ah, ngazi zile ziling'aa, mwanangu! Ulijiona uso!" Wanafumba macho kabisa. Wanakumbuka biskuti kama watu wengine wanavyokumbuka wachumba.

Nusu yao hawakuwahi kupanda ngazi hizo. Wakati wa Wazungu mtu mweusi aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba kitu. Hilo halipo kwenye kumbukumbu, limedondoka njiani. Na ngazi ziling'aa kwa sababu kuna mtu alipiga magoti akazing'arisha, baba, hazikuzaliwa vile.

Mimi najua kwa sababu naishi na mmoja wa waliopiga magoti. Koko wangu, mama wa mama yangu, aliingia magazini pale akiwa msichana, wakati mali za wageni zilipogawiwa wenyeji. Alianza kwa kufagia, akahamia vitambaa, akamalizia saloni ya chai, akamwaga chai mpaka paa lilipoanza kumwaga maji kuliko yeye. Alitoka miaka michache baada ya vita. Jengo likabaki la popo na la wavulana wanaovuta vitu wasivyotaka mama zao wajue.

Halafu akaja bosi huyu mpya. Ni mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, mwenye malori, mtu wa kanisa, koti limefungwa vifungo vyote hata jua likiwaka. Sitamsema vibaya zaidi ya anavyostahili. Paa alilirudisha. Meza alizitafuta nyumba kwa nyumba akazinunua tena, nyingine zilikuwa zimekuwa vitanda vya kuku. Akarudisha feni, akarudisha vioo. Mji mzima ukaanza kutembea kwa kujivuna kama vile kila mtu alipiga msumari mmoja.

Basi nilifika nyumbani na karatasi yangu. Koko alikuwa anachagua mawe kwenye mchele wa Kibombo. Nikapanda juu ya kiti, nikasoma kama mtangazaji wa redio. Ilianza vizuri: saloni hii ilikuwa pambo la Kindu, na kadhalika. Kisha nikafika hapa: "Vita ilipokuja, saloni ililala. Miaka mingi ilingoja gizani mkono wa kuiamsha. Leo inaamka." Na kusema kweli nilipapenda. Hata sauti niliitia mtetemo kidogo.

Mkono wa Koko ulisimama ndani ya mchele.

"Soma tena pale."

Nikasoma tena, mtetemo ukapungua.

"Ililala," akasema. "Ililala na nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mimi vita ile sikuiona. Nilizaliwa wakati watu walikuwa wamesharudi kugombana juu ya kuku na mipaka ya viwanja, ndiyo dalili ya amani. Lakini habari zake nimezisikia vipande vipande tangu utotoni. Siku hiyo Koko alizileta zote pamoja, akiwa amekasirika, na alipokasirika ndipo alizieleza vizuri.

Mji ulikuwa umefungwa. Wapiganaji waliokuwa porini hawakuacha mtu atoke, wanajeshi waliokuwa mjini hawakuacha mtu aingie. Treni haikuja, mashua hazikuja, mashamba yalibaki upande wa pili wa risasi. Chumvi ikawa kitu cha kusimulia. Mwenye magazini wa wakati ule alipanda ndege kwenda Kinshasa, "siku mbili tatu tu", akaacha funguo kwa wanawake watatu wa kazi. Koko alikuwa mmoja wao. Wawili wengine wameshafariki.

Wanawake hao walifungua mlango saa mbili asubuhi kila siku, isipokuwa Jumapili.

"Na siku za risasi?" niliuliza.

"Siku za risasi tulifungua saa nne."

Chini hapakuwa na kitu cha kuuza hata sindano. Walipangusa vumbi kwenye rafu tupu. Maboksi ya kofia, matupu, waliyapanga kwenye vitrini, lile dirisha la kuonyeshea bidhaa, kwa ukubwa, na Jumatatu waliyapanga upya. Juu, majani ya chai yaliisha mwezi wa kwanza, wakachemsha mchaichai uliojiotea nyuma ya jengo. Sabuni haikuwepo; vitambaa vya meza walivifua kwa majani ya papai. Mteja alikuja na kipande cha ukuni chini ya kwapa, akakitoa kuwa malipo, akakaa, akamwagiwa chai kwenye kikombe chenye mstari wa dhahabu. Alikuja dereva wa treni asiye na treni. Alikuja muuguzi asiye na dawa, mwalimu asiye na darasa, mpiga picha asiye na filamu. Huyu wa mwisho bado namlaumu.

Siku moja aliingia mwanajeshi na bunduki yake, akatazama zile rafu.

"Nyinyi wamama, munauzisha nini hapa?"

"Hakuna."

"Sasa munafungua ya nini?"

"Kwa sababu iko saa mbili," Koko akamjibu.

Mwanajeshi akaomba kikombe. Akaonja, akakunja uso. "Mama, hii chai haina sukari."

"Na weye hauna mushahara, lakini si bado unavaa nguo ya kazi?"

Akanywa, akamaliza, akasema asante. Koko anasema aliondoka na kichwa chini kidogo, kama mtoto wa shule.

"Ile njo bosi anaita kulala?" aliniuliza, kana kwamba ni mimi niliyeandika.

Kesho yake tulienda kumwona bosi. Saloni ilinuka rangi mpya, vikombe vilikuwa bado kwenye plastiki. Aliinuka haraka, maana adabu anayo. "Karibu, Mama, karibu. Angalia, kila kitu kiko kama zamani!"

"Ni vizuri," Koko akasema. "Iko neno moja la kutoa."

Akamweleza. Bosi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu lile tabasamu la kumpa mtu bei ya mwisho.

"Mama, yale ni maneno ya uzuri tu. Muntu anapanda hapa na bibi yake, anakunywa chai, hapendi kusikia njaa. Anataka kukumbuka uzuri."

"Ule njo ulikuwa uzuri," Koko akasema.

"Hata picha moja uko nayo?"

"Mupiga picha hakukuwa na filamu."

Bosi akacheka, si kwa ubaya, na hapo ndipo nilipotamani kumsukuma dirishani akaoge Lualaba na koti lake. Akavuta pazia kwenye ukuta wa mbele: maneno yale yale yalikuwa yameshachorwa kwenye ubao mkubwa, herufi za bluu. Ililala. Yangekaa pale hata baada ya sisi wote kufa, na kila mtoto angeyasoma akingoja biskuti. "Fundi wa rangi ameshamaliza kazi," akasema. "Na huyu mutoto kama anaona shida kusoma, nitaomba shule ilete mwingine."

Koko akaanza kushuka. Kwenye ngazi alishika chuma cha pembeni, kitu ambacho hakufanya wakati wa kupanda. Barabarani akaniambia:

"Utasoma vile iko."

"Koko!"

"Prefe atakufukuza. Mama yako nilimusomesha ndani ya vita. Siyo weye ufukuzwe ndani ya amani sababu ya kikombe ya chai."

"Siyo kikombe."

"Najua siyo kikombe," akasema, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

Sikulala vizuri wiki ile. Wanaolilia zamani wanaruhusiwa kuchagua, wao wachukue ngazi na manukato. Mimi sipingi, ngazi ni nzuri, nimezipanda. Lakini huwezi kuchukua kikombe ukamtupa aliyekishika wakati hakuna kitu cha kuweka ndani. Miaka ambayo saloni ile ilikuwa ya watu wa Kindu kweli kweli, bila Mgriki, bila bosi, ndiyo miaka waliyoamua kuizima kama taa.

Siku ya ufunguzi ikaja. Wakubwa walijaa juu, waliokosa mwaliko wakajaa kwenye ngazi hadi chini. Viti vilikuwa vimefungwa utepe mweupe; tuliimba wimbo wa taifa, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa kabla ya historia kusomwa. Prefe alisimama karibu na dirisha, macho yote kwangu. Koko alikuwa nyuma mlangoni, amevaa kikwembe, kitenge chake cha sikukuu.

Nikasoma. Pambo la Kindu, nikalisoma. Wagriki, nikawasoma. Nikafika pale, nikaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa pameandikwa kwamba wakati wa vita saloni hii ililala," nikasema. "Mimi sikuwepo, siwezi kujua. Naomba wale waliokunywa chai hapa wakati wa vita, wakae. Wengine wabaki wamesimama."

Nyusi za prefe zilipanda mpaka zikakaribia kutoka kichwani. Na hapo, mjanja mimi, ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtu mwenye akili angelifikiria mapema: walioalikwa ni wakubwa wa leo. Wale wanywaji, wengi wamekufa. Kama hakuna atakayekaa, nitakuwa nimemzika Koko mbele ya mji mzima, kwa sauti yangu mwenyewe.

Kiti kikakwaruza sakafu.

Alikuwa bibi mmoja wa mstari wa mbele, mama mzazi wa mkubwa mmoja, aliyeletwa kama pambo. Akang'oa utepe, akakaa. "Miye nilikuwa nakaa pale kwa dirisha," akalalamika, "lakini basi."

"Mama, simama," mwanawe akanong'ona.

"Nisimame ya nini? Weye ulikuwa Kinshasa."

Watu wakaangua kicheko. Yule dereva wa treni, sasa mzee, akakaa, akajikohoza kama injini. Mama mmoja wa hospitali akakaa. Katikati wakakaa wawili, nyuma watatu. Kwenye ngazi mtu akapaza sauti, "Na sisi wa huku, tukae wapi?" Mwingine akamjibu, "Si uko juu ya ngazi? Kaa!" Nikasikia matako yakishuka kwenye mbao, moja baada ya jingine, mpaka chini.

Halafu prefe. Alisogeza kiti polepole, akakaa, mgongo umenyooka, bado ananitazama kwa macho ya adhabu. Baadaye nilijua kwamba yule mwalimu asiye na darasa alikuwa anamfundisha hesabu wakati ule kwenye meza ya tatu.

Bosi alibaki amesimama katikati ya watu waliokaa. Akamtafuta Koko kwa macho.

"Na weye, Mama? Kaa basi."

"Miye siwezi," Koko akasema. "Sikukunywa. Nilikuwa kazini."

Bosi akapangusa shingo, akanigeukia. "Haya. Endelea."

Nikatazama karatasi. Kilichobaki ni kule kungoja gizani na "Leo inaamka." Nikaikunja.

"Bosi, imeisha."

Jumatatu prefe alinipa panga na uwanja mzima wa nyuma wa kufyeka, wiki nzima. "Nilikwambia usiongeze kitu."

"Lakini prefe, ulikaa."

"Nilikaa. Na wewe utafyeka."

Nilifyeka nikiimba, akaongeza siku mbili.

Ubao haukumaliza mwezi. Kila aliyepanda kunywa chai aliusoma kwa sauti, kisha akamwuliza bosi ililala saa ngapi hasa, na upande gani. Mwishowe bosi akauteremsha. Jumamosi moja alikuja kwetu na daftari, koti limefungwa vifungo vyote, akamwomba Koko amwambie maneno ya kuandika. Koko alianza na majina ya wale wanawake wawili. Akaendelea na mchaichai, majani ya papai, maboksi ya kofia, kila mteja na meza yake, nani alikosa kuja siku gani na kwa nini. Bosi aliandika kurasa nne, akabadilisha mkono, akaandika ya tano, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, ni mengi. Ukuta hautatosha."

"Basi jenga ukuta ingine," Koko akasema.