Klachi ya Baba

Namwogopa baba yangu. Nimelikana jambo hili tangu nilipotoka nyumbani kwenda chuo kikuu. Nimeliita heshima, nimeliita malezi, na mara moja, mbele ya ukumbi mzima, nililiita mapokeo. Nimevuka hamsini, nina shahada mbili, naandika makala za kuwaasa watu waambiane ukweli, na bado nikisikia kikohozi chake mlangoni navuta sketi ishuke magotini.

Kwa hiyo ndugu zangu walikosea waliponituma mimi. Waliandika kwenye kundi letu la simu: wewe ndiye msomi, wewe uko Kasulu, Kibondo ni hapo tu, nenda ukamwambie mzee aache pikipiki.

Pikipiki hiyo alipewa enzi za ubwana shamba wake, akauziwa alipostaafu. Vijana wa bodaboda husimama na kuipiga picha kwa ukale wake, kama mnyama wa mbugani. Baba alipopata kiharusi, ambacho yeye hukiita baridi, mkono wake wa kushoto ulibaki kuwa wa kushika kikombe, tena kikiwa nusu. Hilo tulilivumilia. Kisha klachi ikaanza kuteleza. Mlimani injini ilikuwa ikilia kwa nguvu zake zote na pikipiki haiendi. Shangazi alimshuhudia akipitwa na mtu anayesukuma baiskeli ya ndizi. Mwingine angeacha hapo. Baba akabuni dawa: kuteremka mlima kwa kasi ya mwisho ili kasi hiyo imbebe kwenye mlima unaofuata. Na kwetu ukimaliza mlima unaanza mwingine. Alishaokotwa mtaroni zaidi ya mara moja, na kila mara alimlaumu mbuzi.

Ndani ya basi nilifanya mazoezi ya hotuba yangu. Ilikuwa na utangulizi. Nilimkuta uani, ameiinamia pikipiki, mama pembeni akipepeta maharage.

"Mwakeye, baba."

"Mwakeye. Umekuja bila taarifa. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umetumwa." Akafuta mikono kwenye kitambaa. "Haya, sema."

Mama akaacha kupepeta.

"Nimekuja kuona klachi," nikasema.

"Klachi? Wewe uliyekuwa unapeleka baiskeli kwa jirani akujazie upepo?"

"Kasulu kuna fundi mzuri, baba."

Akafurahi. Ningependa kusema alishuku, lakini alifurahi kweli, akaniletea kigoda kwa mkono wake mzima. Alisema wenzangu wanamwona marehemu aliyechelewa, mimi peke yangu ndiye niliyewaza kutengeneza. Kahawa yake iko ng'ambo ya vilima viwili; kwa miguu hafiki, na kupakiwa na bodaboda, alisema, ni kubebwa kama gunia. Bila pikipiki angekaa barazani kusubiri chakula.

"Na mwanaume anayesubiri chakula huanza kumgombeza mkewe."

"Kwani sasa hivi unafanya nini?" mama akauliza, akaendelea kupepeta.

Jirani mwenye pikapu alikuwa anashuka Kasulu. Nikarudi na pikipiki, na hotuba yangu nzima nzima.

Fundi alikuwa mpiga domo asiye na mfano. Kabla hajafungua kifuniko cha injini nilishajua habari za wake zake wawili na timu yake ya mpira. Alipofungua, harufu ya kuungua ikatupiga usoni. Akachomoa zile pleti zinazobanana ili nguvu ya injini ifike kwenye gurudumu, akaniinulia moja.

"Dada, hii si pleti, hii ni chapati ya maji."

"Inatengenezeka?"

"Njia mbili. Nina mtu wangu Kigoma mjini ana pleti mpya zinazoingia humu. Ukisubiri wiki hii, mzigo unakuja, klachi inarudi laini kama siagi. Au leo hii naweka washa chini ya springi." Akamimina kiganjani vipete vidogo vya chuma. "Springi inabana zaidi, pleti haziponyoki. Ila klachi yenyewe itakuwa ngumu kuvuta."

"Ngumu kiasi gani?"

Akanionyesha pikipiki nyingine aliyoifanyia hivyo. Nikavuta kishikio cha klachi, upande wa kushoto. Maumivu yalipanda kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, na mkono wangu ni mzima.

"Anaendesha nani, wewe?"

"Baba."

"Mzee ana mkono?"

Hapo ndipo pa kusema. Ningeweza kungoja pleti, klachi ikawa laini, na baba akaendelea kuteremka vilima mpaka siku ambayo mbuzi asingelaumika. Ningeweza pia kupanda basi, nikaenda kumwambia usoni. Nikasema, "Mzee ana haraka. Weka washa."

Fundi akanitazama, akachukua spana, na habari za timu yake zikaishia hapo.

Pikipiki niliirudisha kwa pikapu ileile. Mimi sikupanda. Nilijiambia nina makala ya kumaliza, na makala yenyewe sikuandika hata sentensi. Nilikuwa nikiwaza ule mkono wa kushoto, unavuta, unaacha.

Kawaida baba hubipu na kukata ili nimpigie mimi. Siku hiyo simu iliita, ikaendelea kuita. Nikapokea.

"Haitelezi tena," alisema.

"Vizuri, baba."

"Nimeivuta kwa mikono miwili. Fundi ameweka washa."

Sikuwa nimefikiri kwamba angejua. Nikasema ndiyo.

"Na mimi nimewahi kuziweka, huko vijijini nilikokuwa nafanya kazi. Mtu huweka akikosa pleti. Pleti zilikosekana?"

Kulikuwa na uongo mwingi wa kuchagua.

"Hazikukosekana, baba."

Nilisikia kuku, nikasikia mama akiuliza anaongea na nani.

"Sawa," alisema. "Nimeacha. Waambie wenzako nimeacha mwenyewe."

"Nitawaambia. Baba, Jumapili nakuja, tuzungumze."

"Jumapili usije. Nitakuita."

Akakata.