Sukari Niliyojitilia Mwenyewe Kikoponi

Jamani, kuna aibu mtu anakufa nayo kimya, lakini hii yangu mtaa wetu wa Kizwite mzima wanaijua, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na waliotia chumvi (sukari nilishatia mimi).

Chanzo ni wivu. Jirani yangu Mama Deo, tunayesali naye jumuiya moja na kulima ulezi pamoja tangu usichana, aligundulika ana kisukari, wakaja watafiti wanaotafuta njia bora ya kuupima na kuutibu ugonjwa huo huku kwetu, wakamchagua. Basi gari jeupe likawa linaegeshwa mlangoni kwake, daktari kijana anashuka, "Shikamoo mama, umelalaje?", anamuuliza amekula nini, miguu bado inawaka moto? Na mimi niko hapo napepeta mahindi, vumbi usoni, hakuna anayeuliza nimelalaje, hata mume wangu Baba Aneti (yeye anauliza chai iko wapi). Halafu Mama Deo kila neno, "Daktari wangu kasema." Daktari WAKE!

Niliposikia wanaandikisha wengine pale zahanati, nikaenda, nikaeleza dalili zote za Mama Deo kama nimezikariri: kiu, uchovu, kukojoa usiku kucha. Nesi akanipa kikopo cha mkojo. Kule chooni nikakumbuka nimefunga sukari ya chai kwenye pindo la khanga, nimeinunua dukani Majengo asubuhi ile, nikamimina, nikatikisa, nikatoka nimeinua shingo kama mama wa bibi harusi, nikakiweka kikopo dirishani pamoja na vya wenzangu.

Jua likatoka. Sisimizi nao wakatoka. Wakavipita vikopo vyote, wakapanda changu.

"Hicho cha nani?" akauliza mzee mmoja kwenye benchi. Mimi nikatazama dari.

Mtu wa maabara akachovya kipimo, akasubiri, akakiinamisha kikopo, chembe zikaserereka chini. "Mama Aneti ni nani? Mama, kipimo changu hakioni sukari ya ugonjwa. Hii ni ya dukani."

"Aongeze majani tunywe chai!" akadakia mtu, benchi zima likaangua kicheko. Wakanitoboa kidole kuhakikisha. "Uko mzima kabisa, mama." Sijawahi kuumizwa na habari njema namna ile.

Na aliyekuwa mwisho wa benchi, amekuja kliniki yake, ni Mama Deo. Yeye hakucheka. Alinivuta nyuma ya jengo, akavua soksi, akafunua bandeji: chini ya kidole gumba nyama imelika, shimo.

"Msumari uliingia sikuusikia, mguu umekufa ganzi," akasema. "Wamesema kidonda kisipofunga, mguu unakatwa. Yule kijana ananibembeleza kwa sababu nalia kwa hofu kila akikisafisha. Ulikuwa unakitaka hiki, dada?"

Nilipiga magoti nikamvalisha soksi, yeye kaniegemea begani.

Siku hizi gari likifika, namshika mkono mimi wakati wa kusafisha, na kidonda kinafunga taratibu. Wivu haujaisha, sidanganyi. Juzi kamsifia tena daktari wake nikageukia ungo wangu nikapepeta kwa nguvu. Lakini nimeapa, nikimwona mtu anabembelezwa, nitauliza kwanza anaumwa nini.