Jiko Lililohamia Kulia

Katika mtaa wa Wachina wa San Fransisko, usithubutu kusogeza kitu nyumbani kwa Bi Suet Hing. Kiti kikae kilipo, kabati likae lilipo, na jiko ndilo usiliguse kabisa. Wajukuu zake waliwahi kumletea meza mpya, wakaishia kutukanwa na kuirudisha dukani. Wanasema kizee kimeshindikana. Waseme tu, maana hawakuwekwa kizuizini wao kwa sababu ya jiko.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipovuka bahari kumfuata baba yake, Jeung Bak Cheung, mwenye hisa katika duka la samaki wakavu. Baba alimwacha kijijini, Toisan, huko China, angali anatambaa. Mama alikufa kwa homa, na mtoto akalelewa na bibi, mama yake baba. Siku hizo Wachina hawakutakiwa Amerika. Mtoto wa mwenye duka aliruhusiwa kuingia, ila kwanza ithibitike kuwa kweli ni mtoto wake. Kwa hiyo meli ilipofika, Suet Hing hakushuka mjini. Alipelekwa Kisiwa cha Malaika, akafungiwa na wanawake wengine katika bweni la mbao lenye wavu madirishani, asubiri kuhojiwa. Baba naye angehojiwa peke yake, maswali yaleyale. Majibu yakilingana, mtoto anashuka. Yasipolingana, anarudishwa alikotoka.

Kitanda cha pili alilala Wai Fong, dada mmoja mcheshi aliyekuwa anakwenda kwa "baba" asiyewahi kumwona hata kwenye picha. Karatasi zake zilikuwa za kununua. Kutwa alijikaririsha ukoo wa watu: jina la shangazi, rangi ya ng'ombe, mti ulio nyuma ya nyumba.

"Wewe mwenzangu una raha," alimwambia Suet Hing. "Baba yako ni baba yako. Utakosea nini?"

Suet Hing naye aliamini hivyo, masikini.

Akaitwa. Nyuma ya meza alikaa ofisa mwenye masharubu mekundu, na pembeni mkalimani, Mchina mwembamba wa mjini. Waliuliza habari za kisima, za majirani, za kaburi la babu. Akajibu yote vizuri.

"Ukiingia jikoni kwenu, jiko liko upande gani?"

"Kulia."

Ofisa akaacha kuandika. "Una hakika?"

"Kulia."

Hakuongeza neno. Angeongezaje? Kabla ya safari, bibi alimwita mzee mmoja wa kijiji cha pili, anayepima nyumba za watu kwa dira na kuwaambia mlango uelekee wapi na kitanda kikae wapi ili heri iingie. Mzee akazunguka nyumba, akatikisa kichwa. Jiko likibaki kushoto, alisema, mtoto huyu havuki. Siku hiyohiyo bibi akabomoa jiko la matofali, akalijenga upya kulia.

"Baba yako usimwambie," bibi alimwonya. "Jiko lile alijenga mwenyewe. Atanipigia kelele mpaka basi. Apa!"

Suet Hing akaapa.

Sasa baba, huko alikohojiwa, alisema kushoto. Aseme nini kingine, na jiko alilijenga kwa mikono yake? Majibu hayakulingana, Suet Hing akarudishwa bwenini.

Wai Fong alihojiwa baada yake, akamwaga ukoo wa bandia bila kukwama hata mara moja, akaambiwa afunge mizigo. Alirudi bwenini anaruka. "Na wewe mwenye baba wa kweli, umekwama wapi?"

"Kwenye jiko."

Alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamwona mtoto hacheki. "We Suet Hing, sema ukweli! Bibi yako yuko ng'ambo ya bahari, atakufanya nini?"

"Niliapa."

"Haya, basi rudi kwake ukakae naye jikoni na kiapo chako!" Akabeba furushi lake, akaenda zake.

Suet Hing alibaki na hasira hajui aipeleke wapi. Mwongo anashuka, mkweli anabaki! Alimkasirikia bibi, akamkasirikia mzee wa dira, akalikasirikia na jiko lenyewe.

Walimwita tena. Safari hii ndani ya chumba alikuwapo mwanamume mnene, mwenye suti ya kubana na kofia mapajani. Hakumsalimia. Pengine alikatazwa. Alimwangalia mara moja tu, kisha akaitazama kofia yake.

"Mmoja wenu anadanganya," ofisa alisema, na mkalimani akatafsiri. "Mtoto huyu atarudi na meli ijayo. Kuna la kusema?"

"Kushoto," alisema baba. "Nimelijenga mimi."

Suet Hing aliomba moyoni. Nisamehe, Bibi. "Lilikuwa kushoto. Bibi alilihamisha."

Baba akageuka mwili mzima. "Alilihamisha? Kwa ushauri wa nani?"

"Wa mzee wa dira."

"Ala! Yule mla kuku wa watu bado yu hai?"

"Yu hai. Alipewa hata kuku."

"Kuku yupi?"

"Yule mweusi."

"Si nimeambiwa mweusi ndiye anayetaga?"

"Ndiye huyo! Mie nililia, Bibi akanifukuza jikoni."

"Mama, Mama, Mama!" Baba alijipiga paji la uso. "Na moshi je? Kulia hakuna pa kutokea!"

"Unaingia chumbani. Tunakohoa kutwa."

"Nilimwambia! Kabla sijaondoka nilimwambia, kulia usiguse!"

"Ulimwambia, ulimwambia!" Suet Hing alisimama, machozi yanamtoka. "Ungekuwepo ungemzuia! Kila mwaka unasema unakuja, kila mwaka huji! Wewe uko huku, mie ndiye nakohoa!"

Baba akajishika kichwa.

"Wanasema nini?" ofisa aliuliza.

Mkalimani alikuwa ameshindwa kuwafuata tangu kwenye kuku. "Wanagombana, bwana."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kuku, na moshi, na bibi. Na huyu mtoto anamlaumu baba yake kwa kutorudi nyumbani."

Ofisa akawatazama, huyu kisha yule, mmoja kajishika kichwa, mwingine anafuta kamasi kwa mkono wa nguo. Akavuta pumzi kama mtu mwenye watoto kwake. Akachukua mhuri, akapiga.

Wakapanda boti ya kwenda mjini. Baba alimvisha kofia yake, ikamfunika mpaka masikioni. "Bibi yako," alisema, "ataniua."

Alituma habari kijijini kwa mtu aliyekuwa anarudi, na ndani yake lawama tele: mama, jiko lako nusura linikoseshe mtoto! Ilipita miezi. Siku moja wanakula wali na samaki mkavu, akaingia mtu mgeni kutoka kijijini, akapewa bakuli, akatoa salamu za bibi.

"Amesema mmeona sasa? Jiko limemvusha mtoto."

Baba akaweka vijiti chini kwa kishindo. "Yaani huyu mama—"

"Na amesema amelirudisha kushoto. Mtoto ameshafika, hakuna haja tena. Amesema kifua chake na ule moshi vilikuwa haviwezani kabisa, alikuwa akivumilia tu mpaka asikie mjukuu ameshuka."

Baba akaokota vijiti vyake polepole. Suet Hing alikazia macho bakuli lake, akakumbuka alivyomkasirikia bibi.