Watu wa Sakafu ya Chini

Hoteli ya chai iko nyuma ya nyumba ninayopanga hapa mtaa wa Bulla Pesa. Mwenyewe ni mama wa makamo aliyetoka upande wa Meru. Chai yake ni nzito na mahamri yake ni ya kawaida tu, kwa hiyo alasiri, baada ya watu kula mchana, viti vilikuwa vinabaki vitupu. Ndipo akanunua televisheni, akaitundika juu ya kabati la vikombe. Kila Jumapili alikuwa akichomeka flashi na kuweka sehemu mpya ya tamthilia moja ya angani, na hoteli ikawa inajaa hadi mlangoni.

Hadithi yenyewe si ngumu. Sayari kadhaa zimekauka, na wenyeji wake wamepakiwa pamoja katika chombo kikubwa kinachotafuta mahali penye maji. Wako warefu wenye ngozi ya samawati, wako wenye manyoya, na wako wa kijivu, wafupi, wanaoishi sakafu ya chini kabisa na kuendesha mitambo. Nahodha ni mwanamke mweusi mwenye kichwa kilichonyolewa. Wanazungumza Kiingereza kwa haraka, kwa hiyo mwendesha bodaboda mmoja wa mtaani alijiteua kuwa mkalimani.

Kwa kuwa kazi yangu ni kutuma habari redioni, nimezoea kukaa mgongo ukutani na kutazama watazamaji kuliko kioo. Niliona mapema kwamba watu hawa hawakuwa wanatazama vita vya angani. Walikuwa wanahesabu viti vya baraza la nahodha.

"Samawati wako wawili, manyoya mmoja," mkalimani alisema Jumapili moja. "Wa kijivu hakuna. Hiyo ni serikali gani?"

Karani mmoja wa ofisi za kaunti, aliyekuja na tabia yake ya kawaida ya kupinga kila kitu, aligeuza kiti. "Siku hizi hawa watu wa filamu wanaweka kila rangi kwa nguvu. Mweusi lazima, mwanamke lazima, sijui mwenye manyoya lazima. Mimi nilikuja kuona vita. Wameleta siasa."

"Kwa nguvu?" aliuliza mama muuza maziwa ya ngamia, Msomali, ambaye mitungi yake mitupu ilikuwa miguuni. "Hebu angalia hii hoteli, wewe. Nani alitulazimisha kukaa hapa?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti wapi? Manyoya ndiyo hatuna?"

Watu walicheka, lakini karani hakucheka. Alisema nahodha hafai, kwamba mwanamke hawezi kupewa chombo kizima. Mkalimani akasimama kumjibu, akapunga mkono, akaangusha chupa ya chai. Makelele yakavuka uzio.

Kesho yake mwenye ploti, yaani kiwanja chenye hoteli na nyumba zetu, alifika. Ni Haji mmoja Mborana anayeishi mtaa wa Wabera, mpole wa sauti, na hapendi kurudia neno. Nilikuwa nanywa chai nikamsikia.

"Mama, huu mwaka watu wamejaa siasa hadi shingoni," alimwambia. "Wapangaji wanalalamika. Jumapili nitakuja mwenyewe. Nikikuta kelele, utoe hiyo televisheni. Ukikataa, utafute ploti ingine."

"Haji, bila televisheni hakuna mtu atakaa hapa."

"Nimesema."

Wiki nzima mama alimwambia kila aliyeingia kwamba Jumapili ni kutazama tu. Alimfuata hata mfanyabiashara wa mbuzi, Mturkana anayeingia mjini kutoka Ngaremara, ambaye kwa kawaida hasemi sana. "Na wewe," alimwambia, "usinichekee kwa sauti."

Jumapili ilipofika, Haji aliingia, akatoa salamu, akaketi karibu na mlango na fimbo yake katikati ya magoti. Hoteli ilinyamaza kama chumba cha mtihani. Mama alisimama nyuma ya meza akiwa ameshika rimoti kwa mikono miwili. Mkalimani alitazama kucha zake.

Kwenye kioo baraza lilikuwa limeketi. Yule samawati mzee alisema jambo, wengine wakanung'unika, nahodha akainamisha kichwa.

"Huyo anasema nini?" Haji aliuliza.

Mkalimani alimtazama mama. Mama akainamisha kichwa kidogo kumruhusu.

"Anasema maji ya sakafu ya chini yakatwe, ya juu yabaki. Wanangoja kura ya nahodha."

"Na wa chini wanasemaje?"

"Hawana mtu kwa baraza, Haji."

"Hata mmoja?"

"Baraza ni la wasomi," karani alisema polepole, akijizuia.

"Wasomi!" Haji aligonga sakafu kwa fimbo. "Hiyo ndege nani anaiendesha? Si ni hao wafupi? Wanafanya kazi, na maji yakipungua wanaanza kukatiwa wao. Hao ni sisi. Hao ni Borana kabisa."

"Haji, wallahi hao ni sisi," muuza maziwa alisema. "Angalia wanawake wao wanavyobeba mitungi."

Yule wa Ngaremara akainua kidole. "Samahani. Mimi hao wa kijivu nimewachukua kuwa wangu tangu mwanzo. Muulizeni mama."

"Hata sisi wa ofisi," karani akaropoka, "mnadhani tuko juu? Sisi ndio tuko chini ya chini!"

Sasa kila mtu alikuwa anasema. Nilitafuta hata mmoja anayesema kwamba yeye ni wa wale samawati, sikumpata. Katikati ya kelele nilimwona mama akiinua rimoti, uso umemshuka. Televisheni ikazima.

"Wewe, mama!" Haji aligeuka. "Unazima nini? Nahodha amepiga kura gani?"

"Haji, ulisema ukikuta kelele…"

Haji alitazama kioo cheusi, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, na mwisho akapangusa paji la uso.

"Nilisema siasa ya hapa," alimjibu, ingawa hakuwa amesema hivyo. "Washa."

Mama aliwasha. Nahodha alikataa maji ya chini yakatwe, na karani akalalamika kwamba alijua tu.

Jumapili iliyofuata nilichelewa kidogo. Mama alikuwa amemwekea Haji kiti chenye mto mbele kabisa, na yule wa mbuzi alikuwa amekikalia. Haji alikuwa amesimama mbele yake.

"Shuka chini," alimwambia. "Hapa ni baraza."

"Unishinde kwa kura kwanza, Haji."

Haji alitafuta macho ya kumuunga mkono, akakosa. Akavuta kibao, akaketi pamoja nasi. Mama akamletea chai, kisha akaongeza sauti.