Nusu ya Daraja Waliyotuachia

Mwezi uliopita nilipita njia ya Ngenge nikakuta mafundi wakijenga njia ya pili juu ya nguzo za mawe za daraja, ambazo nusu yake ilikaa wazi tangu enzi za Mwingereza. Harufu ya saruji mbichi ilinisimamisha.

Mchana mmoja utotoni, daraja hilo lilipokuwa likijengwa, nilimpelekea baba ndizi na maharage, nikiwa nimemshika mkono mdogo wangu Koku. Baba, tuliyemwita Tata, alikuwa mwashi pale darajani. Nyumbani tulishawasikia wakubwa wakisema kwamba daraja halisimami mpaka limeze mtu. Nguzo zilikuwa pana, lakini njia ilifunika nusu tu. Baba akamuuliza msimamizi, "Na nusu hii, bwana?"

"Hiyo tunawaachia watoto wenu."

Baba akaitikia kwa kichwa. Alikubali! Nikamburura Koku hadi kwenye mafunjo, tukazama matopeni mpaka kiunoni. Alipoanza kulia nikamziba mdomo. Sauti ya baba ilituita, ikazidi kukaribia. Mkono wake ulipopenya mafunjo, niliung'ata mpaka nikaonja damu.

Hakuuvuta. "Mwana wange, una nini?"

"Usitutie kwenye nguzo, Tata!"

Wenzake waliokuwa ukingoni wakaangua kicheko. Leo najua msimamizi alikuwa akisema juu ya njia itakayoongezwa magari yatakapokuwa mengi. Baba hakucheka. Alitubeba wote wawili, tope likimchuruzika, akatufikisha nyumbani akakaa nasi. Hakurudi darajani mpaka siku mimi mwenyewe nilipomwambia, "Nenda."